Komeo la Chumba cha Wanawake

Temeke, 2 Februari 1954

Binti yangu Hamdiya,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla ya kuchana bahasha, ndivyo marehemu kaka yangu alivyokulea. Sie huku wazima kwa kiasi cha wazee. Bi Bahiya mke wangu mguu unamsumbua siku za kufua. Siku za harusi unapona wenyewe. Mie jino langu la mbele limeondoka bila kuniaga. Ukiona mistari yangu inapanda mlima, usidhani nimekunywa kitu: herufi hizi za Kizungu nimejifunza uzeeni kwa jirani yangu Mwalimu Gaudens, Mhaya wa Bukoba, ambaye ana subira kuliko mke wake.

Poleni, mwanangu. Poleni sana. Tangu tulipopata habari ya meli ya Saada kuzama karibu na Kilwa, hapa kwangu watu wanaingia na kutoka. Nilimpenda wifi yako Mwanakombo. Ndiye mwanamke pekee aliyewahi kuniambia usoni kwamba utani wangu ni mbaya, na alikuwa akisema kweli. Mungu amrehemu, yeye na wanawake wenzake wote waliobaki ndani. Na wewe umshukuru Mola uliyetoka.

Mwanangu Abdulsamad naye amerudi salama. Unajua yeye ndiye karani wa meli ile. Anasema maji yalipoingia alikuwa chini penye injini anapiga pampu, hakuona la juu wala la nyuma. Chakula hakimpiti. Nimemwacha apumzike.

Sasa lile lililonikalisha kuandika. Polisi wamemkamata nahodha, yule Mgoa Gaspar, pamoja na baharia mmoja mtu wa Nyasa, Alfonsi. Wanasema chumba cha wanawake kilikutwa kimekomewa kwa nje, na kwamba Alfonsi ndiye aliyekomea na asifungue. Bwana Zahran, mwenye meli, anapita Kariakoo akisema komeo lile waliomba waume wenyewe kwa ajili ya stara ya wake zao, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, ni kazi ya Mungu. Mungu namjua tangu utotoni, sijapata kusikia ameajiriwa melini.

Wewe ulikuwamo. Niambie, nani alilifunga komeo lile? Kesi haijapangwa, na huku Dar hakuna anayejua kitu ila wanaolipwa kutojua.

Ami yako,
Matar bin Suwed


Kilwa Kivinje, 9 Machi 1954

Ami Matar,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, Rufiji imejaa na malori hayapiti. Imeletwa na meli ile nyingine ya Bwana Zahran, nami nikaitazama bahasha kama imefunguliwa. Haikufunguliwa. Watoto hawajambo, mdogo ameanza kutembea, anashika kuta zote za nyumba kama mnunuzi. Mama mkwe wangu ndiye hali si nzuri. Tangu tumzike Mwanakombo, binti yake, sahani yake inarudi jikoni kama ilivyotoka. Mwandiko wangu uwie radhi. Kioo kilinikata mkono, vidole vingine havikunjiki.

Umeuliza, basi nitasema ninachoweza.

Mume wangu alitupakia Dar mimi na Mwanakombo baada ya ile harusi ya jamaa tuliyoijia, yeye akabaki kununua bidhaa za duka. Komeo lilikuwa nje ya mlango kama zilivyo meli zote za namna ile. Yeye mwenyewe alilitikisa kuona kama linashika, akaridhika. Nami niliridhika, Ami, sitakudanganya. Tulivua mabaibui, tukajinyoosha, tukacheka. Mlango wa pili ulikuwapo, unaotokea mbele, lakini Bwana Zahran alileta magunia ya saruji dakika ya mwisho na shehena ilishajaa, basi yakapangwa pale hata mlango usionekane.

Meli ilipogonga mwamba hatukujua ni nini. Tulijua maji yalipofika miguuni. Tuligonga kwa viatu, tukagonga kwa masanduku. Alfonsi alikuja upande wa nje, akining'inia kwenye kamba, akavunja dirisha kwa mtaimbo. Dirisha lenyewe unalijua, ni dogo kama la banda la kuku. Aliwavuta wasichana wawili kwanza. Mwanakombo alinisukuma kwa bega lake, akaniambia, "Nenda wewe, mwembamba. Mie humo sipiti hata wakinikata." Alfonsi akanivuta. Meli ikalala ubavu. Sikumwona tena.

Aliyefunga komeo si Alfonsi. Usiniulize zaidi ya hapo.

Polisi walikuja hapa, mume wangu akawaambia naumwa. Anasema mambo yamekwisha, na mwanamke wa nyumba yake hasimami mbele ya jaji.

Nisalimie Mama Bahiya. Mwambie nampenda sana.

Mwanao,
Hamdiya


Temeke, 6 Aprili 1954

Binti yangu,

Marahaba, na mtoto mnunuzi wa kuta nimbusu. Bi Bahiya amepokea salamu zako akalia, sijui kwa nini, labda kwa sababu hajazoea kupendwa kwa barua. Abdulsamad nilipomsomea aliuliza, "Na mie hakunisalimu?" Nikamwambia umesahau, umri unakupanda. Mtumie salamu zake, roho yake ndogo siku hizi.

Zahran ameniletea mtu hapa na kombe la halwa na mabati ya kuezekea nyumba nzima. Salamu tu, anasema, kwa familia iliyopatwa. Halwa nimekula. Mabati nimeyarudisha. Halwa kuirudisha ni ufedhuli, na isitoshe ilikuwa nzuri. Abdulsamad amenuna kwa ajili ya mabati, anasema nimemtia aibu, maana Zahran amempa kazi ya kushika ghala lake Kariakoo. Nikamwambia aibu haijaanza, angoje.

Kesi imewekwa Agosti, Mahakama Kuu. Kuua bila kukusudia, ndiyo shitaka. Mwalimu Gaudens kanieleza, na mie nakueleza kwa namna yangu. Kuua, anasema, si lazima mtu ashike kisu. Mtu aliyepewa roho za watu azitunze, akaacha kufanya lililompasa, naye ameua, na sheria inamtaka. Wala haiishii kwenye mkono uliosukuma komeo. Inauliza nani alipaswa kufungua, nani aliamuru lisifunguliwe, nani aliziba mlango wa pili kwa saruji yake. Safi kabisa. Ila nahodha Gaspar anasema mlango haukuwa kazi yake, ni kazi ya baharia. Na baharia ni Alfonsi. Basi roho zote zile zimebebeshwa mtu mmoja, tena yule aliyevunja dirisha! Hao wasichana wawili ni watoto, hawatasikilizwa. Umebaki wewe.

Unaniandikia "si Alfonsi" halafu unafunga mdomo. Unamwogopa mumeo? Yule aliyekanyaga kanzu yake siku ya harusi akaingia ukumbini kwa magoti? Au unamwogopa Zahran? Kaka yangu hakuzaa mwoga. Kama umekuwa mwoga, basi mkunga alikubadilisha, na mie nitakwenda kumdai yule wa kwetu.

Taja jina. Awe mtoto wa liwali, awe nani. Wewe taja, mie nitakaa mahakamani na fimbo yangu.

Ami yako,
Matar


Kilwa Kivinje, 15 Mei 1954

Ami,

Shikamoo. Ramadhani njema kwenu. Leo sina habari za watoto.

Umeniita mwoga. Nimeisoma nikiwa jikoni, nikaisoma tena, na sasa nakuandikia kabla hasira haijatulia, maana ikitulia nitanyamaza tena.

Nilinyamaza kwa ajili yako wewe na Mama Bahiya.

Tulipokuwa tunagonga, mtu alikuja nyuma ya mlango. Akasema, "Tulieni! Wanaume wamejaa huku, mtatokaje hivyo? Nahodha hajasema." Mwanakombo akamwita kwa jina: "Abdulsamad, fungua, maji yamefika kiunoni." Akajibu, "Subirini kidogo." Kisha tukasikia miguu inakwenda.

Ndiye aliyefunga tulipoondoka Dar. Ndiye aliyekuja, na ndiye aliyeondoka. Hakuwa kwenye pampu.

Ni mwanao, Ami. Sasa umejua kwa nini sikumsalimu.

Niambie ninyamaze, nami nitanyamaza. Alfonsi atafungwa, nitaishi nalo. Niambie niseme, nitasema, na mume wangu afanye atakalo. Lakini uandike kwa mkono wako. Usimpe Mwalimu akuandikie, na usinijibu kwa mzaha.

Hamdiya


Temeke, 3 Julai 1954

Hamdiya,

Marahaba. Sikukuu imepita, mtanisamehe sikuwaletea hata salamu. Bi Bahiya ameficha wino. Huu nimeuazima kwa Mwalimu Gaudens, na kalamu pia. Ningekudanganya nikisema wino ndio ulionichelewesha.

Siku barua yako ilipofika nilimngoja arudi kazini. Tukafuturu. Alipokuwa na kikombe mkononi nikamwuliza, "Abdulsamad, pampu ya Saada inapigwaje?"

"Kwa mkono, baba."

"Mkono upi?"

Akaweka kikombe chini. Mama yake akasema, "Mwache mtoto ale." Mtoto ana ndevu. Nikamwambia, "Mwanakombo alikuita kwa jina."

Hakukana, Hamdiya. Kwa hilo namsifu. Akasema, "Nahodha aliamuru wasitolewe mpaka mashua ishushwe, ili wasikanyagane na wanaume. Na walikuwa vichwa wazi, baba. Ningewatoa vile mbele ya mabaharia, waume zao wangenila nyama. Nyie wenyewe mmenilea hivyo."

"Nilikulea pia kwamba mtu akikuambia anakufa unageuka."

"Niligeuka! Nilikwenda kumwuliza nahodha. Niliporudi mlango ulikuwa chini ya maji."

"Ulikwenda kuomba ruhusa ya kuvuta komeo?"

Akakisukuma kikombe mbali.

"Na Alfonsi?" nikamwuliza.

"Bwana Zahran anasema Alfonsi hana watu."

"Anao. Kuanzia leo ana mie."

Akaondoka, analala ghalani kwa Zahran. Bi Bahiya akasimama mlangoni akaniuliza, "Utamtia mwanangu jela kwa mkono wako?" Amehamia chumba cha uani. Mwezi wote uliobaki nilifuturu kwa vitumbua vya kununua, kama mjane.

Nilianza kuandika "nyamaza". Ni neno fupi, hata elimu yangu inalitosha. Nililiandika, nikalitazama. Nikaona nikilipeleka, itabidi nimwone Alfonsi anafungwa, kisha nirudi nyumbani nikae meza moja na mwanangu na kuulizana habari za soko. Mie ni mzee mwenye kelele, Hamdiya. Kimya cha namna hiyo kingeniua kabla ya wakati, na wakati wenyewe si mrefu.

Basi, bila mzaha: njoo useme. Nenda polisi wa hapo Kilwa kwanza uandikishe maelezo, kisha uje. Taja Abdulsamad bin Matar bin Suwed, jina zima, wasije wakamkamata Abdulsamad wa mtu mwingine. Mtaje na Gaspar aliyetoa amri. Itaje saruji, na nani aliyeileta. Wote. Ukimtaja mwanangu peke yake wakubwa wapite nyuma yake, hapo fimbo yangu nitakurushia wewe.

Nauli nitampa dereva wa lori. Mumeo akikataa, mwambie nimesema mie.

Ami yako,
Matar


Kilwa Kivinje, 12 Septemba 1954

Ami yangu,

Shikamoo, na nishikie miguu ya Mama Bahiya. Nimefika salama. Lori liliharibika Kibiti, tukalala chini ya turubai na mbuzi wa mtu. Nilitamani uwepo uwaseme.

Bado nakuona ulivyokaa mstari wa mbele mahakamani na kanzu yako ya Ijumaa. Nilipomwona Abdulsamad kizimbani kati ya Gaspar na Alfonsi, niliitazama kanzu yako, ndipo nikala kiapo. Wakili wao alinijia juu: mimi mwanamke, nilikuwa na hofu, maji yanavuma, nitajuaje sauti ya mtu nyuma ya mbao? Nikamjibu, "Aliitwa kwa jina, akaitika." Ndipo ulipocheka kwa sauti mpaka jaji akakutazama. Nilijua hukuwa unacheka.

Mume wangu hajanisalimu. Alitaka nirudi kwetu. Nikamwambia nyumba hii ni ya marehemu mama yangu, na hati ni yangu. Lililo lake humu ni godoro. Amelichukua, amehamia dukani. Zahran amemnyima bidhaa, rafu ziko tupu, ananiona mimi ndiye niliyezifagia.

Lakini mama mkwe wangu alikuja siku ya pili, peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Akasema, "Nieleze tena alivyokusukuma." Nikamweleza. Akaniambia nirudie lile neno la "humo sipiti hata wakinikata". Akacheka, Ami. Halafu akaomba uji.

Niliondoka kabla ya hukumu. Huku kila mtu ana hukumu yake. Niambie iliyo ya kweli.

Mwanao,
Hamdiya


Temeke, 14 Oktoba 1954

Binti yangu Hamdiya,

Marahaba, mwenye nyumba. Hilo la godoro nimemsomea Mwalimu Gaudens, amecheka mpaka mke wake akaja kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, alilitazama godoro lao kwa muda mrefu. Bi Bahiya amerudi chumbani. Ananipikia. Chumvi hatii, lakini ananipikia, nami nakula na kusifu, na hilo linamuudhi zaidi.

Hukumu ndiyo hii. Alfonsi ameachiwa. Jaji alisema mtu yule peke yake melini ndiye aliyefanya lililompasa. Alikuja hapa kwangu, akala wali sahani mbili, akaondoka kwenda kwao Nyasa. Ameapa hapandi tena chombo chochote, hata mtumbwi wa babu yake.

Gaspar amepata miaka mitano. Alisema tena mlango haukuwa kazi yake. Jaji akamwambia kwamba nahodha hana mlango usiokuwa kazi yake, na kwamba desturi ya watu kuficha wake zao haimpi yeye ruhusa ya kuwazamisha.

Abdulsamad amepata miwili. Ingekuwa zaidi. Ulipokwisha kuondoka alisimama mwenyewe, wakili wake anamvuta shati, akasema, "Nilifunga mimi. Nilirudi nyuma mimi." Kisha akaieleza saruji: Zahran aliileta mwenyewe na kusimama bandarini mpaka gunia la mwisho likaegemezwa kwenye mlango ule, na yeye, karani, aliposema pale ni njia ya kutokea, aliambiwa wanawake hawana safari ya kwenda mbele. Mahakama nzima iligeuka kumtafuta Zahran. Alikwishatoka. Sasa polisi wanamwita kila wiki, jalada lake limefunguliwa, na wakili wake anasema mtu ambaye hakuwamo melini hawezi kuua melini. Tutaona. Mwalimu anasema anaweza.

Alinikuta nje ya msikiti, huyo Zahran. Mbele za watu akaniambia, "Mzee Matar, umemfunga mwanao."

Nikamwambia, "Ndiyo. Naye amefungwa kwa kusema kweli. Wewe utafungwa kwa lipi?"

Watu wakajitia wanatafuta viatu vyao. Wengine hawanisalimu tena. Sawa, nilikuwa nimechoka kuwaitikia.

Yule jamaa jela. Naona unangoja nimfikie, na mie nazunguka. Wanaruhusu kumwona Ijumaa. Ya kwanza nilikwenda na mama yake. Alimpa mkono mama yake kupitia nondo. Mie alinipa mgongo. Bi Bahiya akalia, akatoka nje. Nikaukalia mgongo ule, nikauhadithia: bomba la mtaa limekatika tena, jirani wa nyuma amezaa mapacha na hajui awalaumu nani, jino langu jingine linajiandaa. Mgongo haukucheka. Askari akasema muda umekwisha.

Ijumaa ya pili, mgongo. Ya tatu, mgongo. Askari, kijana wa watu, akaniambia kwa huruma, "Mzee, kwa nini unajisumbua? Hakutaki."

Nikamwambia, "Hajanifukuza. Angekuwa hanitaki asingetoka chumbani. Anakuja kila Ijumaa kunipa mgongo, na mgongo wenyewe ni wangu, nimeulipia tangu alipozaliwa."

Na kwa Abdulsamad nilisema, kwa sauti apate kusikia, "Sikuja kuomba radhi. Ningeulizwa tena leo, ningemwandikia Hamdiya vilevile. Na ungekuwa muuaji wa mji mzima, ningekuja vilevile. Yote mawili. Ukitaka kugeuka, geuka. Usipotaka, nina miaka miwili ya maneno."

Mabega yake yalitikisika. Huenda ni kikohozi, kule ndani kuna baridi.

Kesho Ijumaa. Nakwenda.

Ami yako,
Matar bin Suwed